Tarakilishi zafundishwa kuchora vilima, lakini Kwale minazi huzihadaa

RAMANI ya kawaida humwambia msomaji mahali ilipo barabara, mto au shule. Ramani yenye kivuli cha miinuko humwonyesha umbo la nchi yenyewe. Miteremko inayotazama mwanga huachwa nyeupe, ile iliyoupa mwanga mgongo hutiwa weusi, na karatasi iliyo bapa ikaonekana kana kwamba ina milima na mabonde ya kupapaswa kwa kidole.

Kwa karne kadhaa kazi hiyo ilikuwa ya mkono na kalamu. Leonardo da Vinci alichora vilima vya Tuscany kwa kivuli mwanzoni mwa karne ya 16, na baadaye ufundi huo ukakomaa zaidi nchini Uswisi. Katika miaka ya hivi karibuni, wataalamu wamezifundisha tarakilishi kuuiga mkono wa wachoraji hao, na matokeo yake yamewashangaza hata wenye kazi yao.

Kwamba mashine inaweza kuchora kivuli cha kupendeza si jambo la kubishaniwa tena. Kinachotiliwa shaka ni vimo vinavyowekwa chini ya kivuli hicho, na hapo ndipo Pwani ya Kusini ya Kenya inapoingia katika habari hii. Kaunti ya Kwale ina kila kinachoweza kuipotosha mashine ya aina hiyo: uwanda wa chini mno kando ya bahari, minazi mirefu, mikoko, misitu ya kaya, mapaa ya makuti, na vilima vya mchanga ambavyo vingine havipo tena.

Jua la saa tisa

Hesabu ya kivuli ni nyepesi. Nchi hugawanywa kuwa miraba midogo, na kila mraba huandikiwa kimo chake kutoka usawa wa bahari. Programu huutazama mraba mmoja pamoja na minane inayouzunguka, ikapata ukali wa mteremko na upande ulioelekea, kisha ikakadiria mwanga ambao ungeuangukia. Jibu huwa nambari kati ya 0, ambayo ni weusi, na 255, ambayo ni weupe. Programu huria kama QGIS huimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi kwenye kipakatalishi cha kawaida.

Kwa desturi, mwanga huo wa kubuni hutoka kaskazini-magharibi ukiwa umeinuka digrii 45. Nchini Uswisi jua halifiki kamwe upande huo likiwa juu kiasi hicho. Cha ajabu ni kwamba Kwale, iliyo takriban digrii nne kusini mwa Ikweta, hulipata jua la namna hiyo hasa: mwezi wa Juni, karibu saa tisa alasiri. Mkataba wa wachoraji wa Ulaya unakubaliana na mbingu ya Msambweni kuliko ya Zürich.

Sababu ya mkataba huo ni macho ya binadamu. Ubongo wetu huchukulia kwamba mwanga hutoka juu. Ramani ikimulikwa kutoka kusini, yaani kutoka chini ya karatasi, watu wengi huona mabonde yakigeuka matuta na matuta yakigeuka mabonde.

Hata hivyo, mwanga wa upande mmoja una kasoro. Ukingo wa Milima ya Shimba unaoitazama bahari umeelekea mashariki, hivyo huangukia kivulini na kuonekana vizuri sana. Lakini mabonde ya mito iteremkayo kutoka Shimba, kama vile Mkurumudzi unaomwaga maji katika ghuba ya Gazi, kwa jumla hufuata mwelekeo wa kusini-mashariki, sambamba na mwanga wenyewe. Kingo zote mbili za bonde la namna hiyo hupata mwanga uliokaribiana, na bonde likafifia. Ramani huonyesha mlima na kuuficha mto.

Mchoraji stadi hakubali hali hiyo. Huuhamisha mwanga kidogo hapa na pale ili kila bonde lipate upande wake wa giza. Hufuta vijituta visivyo na maana, hukoleza safu kubwa, na huacha nchi tambarare katika rangi moja ya kijivu hafifu. Mwalimu mkuu wa ufundi huo alikuwa Eduard Imhof (1895–1986), profesa aliyeanzisha taasisi ya uchoraji ramani katika chuo cha ETH mjini Zürich mwaka wa 1925.

Mwanafunzi asiyejua mlima

Mwaka wa 2020, Bernhard Jenny wa Chuo Kikuu cha Monash nchini Australia na wenzake walitangaza kwamba walikuwa wamefaulu kuuhamisha ufundi huo hadi kwenye mashine. Walichukua vivuli vilivyochorwa kwa mkono katika ramani za Uswisi, wakavioanisha na vimo vya mahali pale pale, na kuvilisha mtandao wa neva bandia. Mtandao huo ni wa aina iitwayo U-Net, ambayo ilibuniwa mwaka wa 2015 kwa ajili ya kuchambua picha za tiba.

Hakuna aliyeiandikia mashine kanuni za Imhof. Ilionyeshwa vimo, ikakisia kivuli, ikasahihishwa kwa kulinganishwa na mchoro wa mkono, ikakisia tena, mara nyingi mno, hadi makosa yakapungua. Mwaka wa 2022 kazi hiyo ilizaa programu ya kuuzwa iliyopewa jina la Eduard. Mtumiaji huingiza vimo vya nchi anayoitaka na kupata kivuli kinachofanana na cha fundi aliyeketi wiki kadhaa mezani.

Vimo vya Milima ya Shimba vikiingizwa, mashine ya namna hiyo iko katika uwanja inaoufahamu, kwani mteremko ni mteremko. Vivyo hivyo kwa kilima cha Mrima, ambacho huchomoza ghafla kutoka uwandani hadi takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, na ambacho jina lake kwa Kidigo maana yake ni mlima, basi.

Tatizo huanza mtu ateremkapo kuelekea Ukunda. Mashine ilisomea milima ya Alps, ambako tofauti ya mita tano ni kijipele cha kufutwa ili safu kubwa ionekane. Diani, mita tano ndizo tofauti kati ya nyumba iliyo juu ya jiwe la matumbawe na nyumba iliyo kwenye kibonde ambamo maji ya mvua ya masika hutuama. Kinachoitwa uchafu wa picha kule ndicho habari yenyewe huku. Eduard humruhusu mtumiaji kupunguza ulainishaji huo, lakini ni sharti ajue kwamba upo.

Ramani za zamani nazo hazikuwa na msaada mkubwa hapo. Mistari ya kontua ikichorwa kwa kila mita 20, sehemu kubwa ya ufuo kuanzia Tiwi hadi Galu yaweza kuangukia katikati ya mstari mmoja na mwingine, na karatasi ikabaki tupu.

Minazi yageuka milima

Vimo vyenyewe hutoka wapi? Chanzo kilichotumiwa zaidi barani Afrika ni safari ya chombo cha anga za juu Endeavour cha Marekani, ambacho mwezi wa Februari mwaka wa 2000 kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada. Kwa miaka mingi, watu wa nje ya Marekani walipewa vimo vya miraba ya mita 90. Miraba ya mita 30 ilianza kutolewa mwaka wa 2014, na Afrika ikawa ya kwanza kufunguliwa.

Mraba wa mita 30 kwa 30 ni mita 900 za eneo. Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ndiyo kipimo kinachojulikana na kila mnunuzi wa ardhi Ukunda, ni kama mita 465. Kwa hivyo ploti mbili, pamoja na nyumba, kisima, mwembe na ua wake, hupewa kimo kimoja.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba rada haikuona ardhi. Mahali penye miti ilirudishwa na matawi na makuti, na mahali penye majengo ikarudishwa na mapaa. Mnazi uliokomaa huweza kufika mita 20 au zaidi. Rada za baadaye, kama zile za setilaiti za Ujerumani za TanDEM-X zilizokusanya vimo vya dunia nzima kati ya 2010 na 2015, ni makini zaidi, lakini nazo huishia karibu na vilele vya miti.

Matokeo yake Kwale ni ya kuchekesha, kisha si ya kuchekesha. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008, huweza kuchorwa kama kilima kinachosimama kando ya bahari. Shamba la minazi huwa uwanda ulioinuka, na njia iliyokatwa katikati yake huonekana kama bonde.

Mikoko ya Gazi ndiyo inayotia wasiwasi. Miti hiyo huota mahali ambapo maji ya bahari huingia na kutoka, yaani kwenye kimo cha chini kabisa cha nchi kavu. Rada ikikipima kilele cha mkoko, ramani huonyesha ukuta wa mita kadhaa kati ya bahari na kijiji. Mhandisi wa mafuriko akiitumia ramani hiyo bila kuisahihisha, tarakilishi itamwambia kwamba maji hayawezi kupita. Mikoko kweli hupunguza nguvu za mawimbi, na wakazi wa Gazi, ambao tangu 2013 wameitunza kupitia mradi wa hewakaa wa Mikoko Pamoja, wanalijua hilo vizuri. Lakini bamvua hupita kati ya mizizi kila mwezi, na hakuna ukuta wowote pale.

Katika pwani ya Kenya tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua hukaribia mita nne. Kosa la vimo lililo kubwa kuliko bamvua haliwezi kumfaa mtu anayetaka kujua bahari itaishia wapi.

Kuivua ramani miti

Hapa ndipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, mashine inayojifunza ina manufaa makubwa kuliko urembo wa kivuli. Wataalamu wa shirika la Climate Central la Marekani, Scott Kulp na Benjamin Strauss, waliufundisha mtandao wa neva kukadiria kosa lililomo katika vimo vya mwaka 2000 na kuliondoa. Mwaka wa 2019 walichapisha matokeo yaliyoishtua dunia: kwa vimo vilivyosahihishwa, watu wapatao milioni 110 walikuwa wakiishi chini ya kiwango cha maji kujaa, ilhali vimo vya awali vilidokeza milioni 28 tu. Bahari haikuwa imepanda ghafla. Ardhi ndiyo iliyoshushwa hadi mahali pake.

Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, na kampuni ya Fathom walitoa vimo vingine viitwavyo FABDEM, ambavyo mashine iliviondolea misitu na majengo kutoka data ya TanDEM-X. Kwa mujibu wa utafiti wao, wastani wa kosa ulipungua kutoka mita 1.61 hadi 1.12 katika maeneo yenye majengo, na kutoka mita 5.15 hadi 2.88 katika misitu. Vimo hivyo hutolewa bure kwa wasiofanya biashara.

Ni hatua kubwa, lakini mita 2.88 si sifuri. Tena, mashine huijua miti iliyofundishwa. Toleo la kwanza la Climate Central lilisomea vipimo vya leza vya pwani za Marekani, wala si vya mashamba ya minazi ya Msambweni. Toleo la mwaka 2021 lilisomeshwa upya kwa setilaiti ya ICESat-2, iliyorushwa mwaka wa 2018 na ambayo hupima ardhi kwa leza kote duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Leza hupenya kwenye mianya ya majani hadi chini. Huo ni ushahidi bora, ingawa hupatikana tu kwenye mistari ambayo setilaiti imepitia.

Mji wa bati na makuti

Ramani ya mji huhitaji mambo mawili yaliyotenganishwa: ardhi bila nyumba, ili kujua maji yatapita wapi, na nyumba zenyewe, ili kujua yatamkuta nani. Kuanzia 2009 hadi 2019, idadi ya wakazi wa Kwale iliongezeka kutoka 649,931 hadi 866,820 kwa mujibu wa sensa, na mtu yeyote apitaye Ukunda kwenye barabara ya Likoni–Lungalunga hahitaji kuambiwa kwamba nyumba zimeongezeka.

Mwaka wa 2021 kampuni ya Google, kupitia watafiti wake wa Accra nchini Ghana, ilitoa orodha ya majengo milioni 516 ya Afrika yaliyotambuliwa na mashine katika picha za setilaiti. Mtandao uliotumika ni jamaa wa ule wa kivuli, yaani U-Net. Mwaka wa 2024 ikaongeza makadirio ya vimo vya majengo kwa kila mwaka kuanzia 2016 hadi 2023, yaliyopatikana kutoka picha za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2. Vimo hivyo vikiwekwa juu ya ardhi iliyovuliwa miti, mji mzima waweza kutiwa kivuli, ghorofa likarefusha giza lake na kibanda kikaacha alama ndogo tu.

Watafiti hao walikiri kwamba majengo ya vifaa vya asili huchanganyika na mazingira na kuisumbua mashine. Msomaji wa Kwale ataelewa upesi: paa la makuti chini ya minazi, likitazamwa kutoka angani, ni makuti juu ya makuti. Banda la mgeni katika hoteli ya Diani na nyumba ya mvuvi wa Mwaepe huweza kukosa kuonekana kwa sababu ile ile, ila mwenye hoteli ana mchoro wa mhandisi wa kuonyesha mahali lilipo.

Funzo la Unguja

Jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka walichagua njia nyingine. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walivipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, wanafunzi wa chuo wakiwa miongoni mwa warushaji. Picha zilionyesha vitu vya sentimita chache, na kutokana na picha zinazopishana ikawezekana kukokotoa vimo vya kila paa na ukuta.

Mwaka wa 2018 picha hizo zikawa mtihani wa kimataifa: washindani walitakiwa kuifundisha mashine kutambua nyumba iliyokamilika, isiyokamilika, na msingi mtupu. Swahili nzima hujenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu na kuta Mungu akijalia, kwa hiyo mgawanyo huo ulikuwa wa busara. Dar es Salaam nayo, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, iliwatuma wanafunzi na wakazi kuandika mitaro na mitaa ifurikayo, mambo ambayo hayaonekani kutoka angani.

Ndege hizo pia hupiga picha vilele vya miti, lakini kwa sentimita chache mwanya kati ya mnazi na mnazi huonekana, na ardhi ikapimika. Nchini Kenya urushaji wake huongozwa na kanuni za mwaka 2020 na huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Ukunda una kiwanja cha ndege katikati ya makazi, hivyo idhini huko si jambo la kupuuzwa.

Mchanga uliohama

Kuna jambo moja ambalo mashine haiwezi kulisahihisha kamwe, nalo ni tarehe. Huko Maumba na Nguluku, bara ya Msambweni, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, ilipofunga kazi. Vimo vya mwaka 2000 huonyesha vilima hivyo vya mchanga vikiwa vizima. Vimo vya 2010 hadi 2015 vilipimwa wakati wachimbaji wakiingia. Anayechora leo kivuli cha eneo hilo kwa data ya bure atapata picha nzuri ya nchi iliyokwisha kuondolewa, pamoja na mabonde yasiyoelekeza maji tena mahali yalipoyaelekeza.

Kwa hiyo mwananchi anayeonyeshwa ramani ya kivuli katika baraza la mipango ya mji, iwe ya bomba la maji taka au ya eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ana maswali ya haki ya kuuliza. Vimo ni vya mwaka gani? Miti na mapaa vimeondolewa, na kwa njia ipi? Urefu umetiwa chumvi mara ngapi, maana katika nchi tambarare wachoraji huuzidisha ili uonekane? Na ni nani aliyekwenda na kifaa cha kupimia, akasimama kwenye bikoni, akalinganisha?

Swali la mwisho ndilo zito kwa Vanga. Mji huo mkongwe umezungukwa na mikoko, uko karibu na usawa wa bahari, na mto Umba unaoufikia huanzia katika milima ya Usambara nchini Tanzania, ambako mvua ya usiku mmoja huwa mafuriko ya Kwale. Setilaiti huvipima vyote viwili, mlima na mdomo wa mto, bila kujali mpaka wa Lungalunga. Pointi chache zilizopimwa kwa mkono kando ya mto, upande wa Kenya na wa Tanzania, zingetosha kuonyesha ni mita ngapi za ramani ya Vanga ni udongo na ngapi ni majani ya mikoko.